Nukta na Kistari: Kuandika na Kusoma Alama za Morse kwa Simu Yako

Somo la leo linamfaa mtu mzima aliyefika Maskati karibuni, na linamfaa pia mtoto wa skuli anayeweza kusoma na kuandika. Ukikaa na wanao mkalisoma pamoja, ni bora zaidi. Mnahitaji simu moja yenye intaneti, karatasi na kalamu. Tengeni kama saa moja na nusu.

Mkimaliza somo hili mtaweza:
- kugeuza neno la Kiswahili kuwa alama za Morse na kulirudisha;
- kutambua kosa pale kigeuzi cha mtandaoni kinapotoa jibu baya;
- kuomba msaada kwa tochi au filimbi mahali ambapo simu haishiki mtandao;
- kueleza tofauti kati ya kugeuza herufi na kutafsiri maana, jambo litakalokusaidia hata siku ya kusoma mkataba.

1. Neno "simu" lilianzia wapi

Kila siku tunasema "nipigie simu", na wachache hujiuliza kwa nini tunapiga. Neno simu limetoka katika Kifarsi, ambako sim ni waya. Liliingia katika Kiswahili kabla watu wa pwani hawajawa na chombo cha kuzungumzia kwa mdomo. Simu ya kwanza ilikuwa ya waya na alama: karani alibonyeza kitufe, umeme ukapita katika waya, na karani wa upande wa pili akasikia au akaona mapigo mafupi na marefu. Wazee waliosema "nimepeleka simu Unguja" walikuwa na maana ya maneno machache yaliyokwenda kwa mapigo hayo, yakaandikwa kwenye karatasi na kupelekwa nyumbani kwa mtu.

Mapigo hayo yanaitwa alama za Morse, kwa jina la Mmarekani Samuel Morse. Tarehe 24 Mei 1844 yeye na msaidizi wake Alfred Vail walipeleka ujumbe kwa waya kutoka Washington hadi Baltimore. Alama tunazotumia leo zilirekebishwa Ulaya, na mwaka 1865 zilikubaliwa katika mkutano wa mataifa mjini Paris. Ndizo alama utakazozikuta katika kigeuzi chochote cha mtandaoni.

2. Waya uliopita chini ya bahari

Sisi wa pwani na wa Omani tuna sehemu yetu katika habari hii. Zamani barua kati ya Maskati na Unguja zilisafiri kwa majahazi. Jahazi lilikwenda kusini kwa upepo wa kaskazi na kurudi kwa upepo wa kusi, kwa hiyo mtu aliyeandika barua aliweza kungoja nusu mwaka kabla ya kupata jibu.

Mwaka 1879, wakati wa Sayyid Barghash, waya wa chini ya bahari uliifikia Unguja kutoka Aden na kuendelea kusini kupitia Msumbiji hadi Durban. Kampuni ya waya ilipewa kisiwa cha Bawe, mbele ya Mji Mkongwe, kuwa kituo chake. Jumba la kampuni hiyo lililopo Shangani limesimama mpaka leo, na sasa ni sehemu ya hoteli. Kutoka Aden waya nyingine zilikwenda Suez na Ulaya, na nyingine Bombay.

Upande wa Omani mambo yalikwenda kwa vipande. Mwaka 1860 waya ulilazwa kutoka Aden kupitia visiwa vya Hallaniyat na Maskati hadi Karachi, lakini haukudumu. Mwaka 1864 Waingereza walijenga kituo katika kisiwa kidogo cha Musandam, kati ya milima mikali, kwa ajili ya waya wa kutoka India kwenda Ghuba. Makarani wake walivumilia joto na upweke kwa miaka michache, kisha kituo kikaachwa. Hadi leo kisiwa hicho kinaitwa Kisiwa cha Telegrafu, na watalii hupelekwa kukitazama kwa mashua. Maskati yenyewe iliunganishwa tena mwaka 1901, kwa waya uliovuka bahari hadi Jask, upande wa pili wa Ghuba ya Omani.

Uzito wa waya huo ulionekana Unguja mwezi Agosti 1896. Sayyid Hamad bin Thuwaini alifariki tarehe 25, na Sayyid Khalid bin Barghash akaingia katika jumba la kifalme. Balozi wa Uingereza alipeleka habari London kwa waya, akaomba ruhusa ya kutumia nguvu, na jibu likarudi kwa njia hiyo hiyo. Asubuhi ya tarehe 27 manowari zilipiga jumba, na vita vikaisha kabla ya saa moja kutimia. Laiti habari zingekwenda kwa jahazi, jibu la London lingefika baada ya miezi. Mapigo mafupi na marefu yalitosha kuamua mambo ya nchi.

3. Alama zenyewe

Kuna vitu viwili tu: nukta, ambayo ni pigo fupi, na kistari, ambacho ni pigo refu. Kila herufi ina mpangilio wake. Nakili orodha hii kwa mkono. Usiipige picha tu, maana mkono unaoandika ndio unaokumbuka.

A .-
B -...
C -.-.
D -..
E .
F ..-.
G --.
H ....
I ..
J .---
K -.-
L .-..
M --
N -.
O ---
P .--.
Q --.-
R .-.
S ...
T -
U ..-
V ...-
W .--
X -..-
Y -.--
Z --..

Tarakimu zina mapigo matano kila moja, nazo ni rahisi kwa sababu zinafuata utaratibu:

1 .----
2 ..---
3 ...--
4 ....-
5 .....
6 -....
7 --...
8 ---..
9 ----.
0 -----

Pamoja na mapigo kuna kimya, na kimya nacho kina kipimo. Tuseme nukta ina urefu wa kipimo kimoja. Basi:
- kistari kina vipimo vitatu;
- kimya kati ya mapigo ya herufi moja ni kipimo kimoja;
- kimya kati ya herufi na herufi ni vipimo vitatu;
- kimya kati ya neno na neno ni vipimo saba.

Mwanafunzi wengi huanza kwa kusoma nukta na vistari, wakasahau kimya. Hapo ndipo wanapopotea. Tazama neno NI:

-. ..

Ukisahau kuacha nafasi katikati, unapata:

-...

Hiyo ni herufi B. Na neno SI, ukiliandika bila nafasi, linakuwa nukta tano mfululizo, yaani tarakimu 5. Mapigo ni yale yale. Kilichobadilika ni kimya tu.

Jambo jingine la kufurahisha: herufi E ina nukta moja peke yake kwa sababu ndiyo inayotumika zaidi katika Kiingereza, na waliotunga alama walitaka herufi za kila mara ziwe fupi. Kiswahili hakikuulizwa. Kwetu herufi inayojirudia zaidi ni A, ambayo inachukua vipimo vitano. Hesabu neno SALAMA: S ni 5, A ni 5, L ni 9, A ni 5, M ni 7, A ni 5. Jumla ni 36. Ongeza vimya vitano vya kati ya herufi, kila kimoja vipimo vitatu, utapata 51. Kwa kasi ya mwanafunzi, ambayo ni maneno matano kwa dakika, kila kipimo ni karibu robo ya sekunde, kwa hiyo neno hilo litachukua kama sekunde kumi na mbili.

Hata hivyo Kiswahili kilikuwa na faida yake ofisini. Malipo ya telegramu yalihesabiwa kwa neno. Mwingereza aliyetaka kusema amefika salama kwa sentensi kamili alihitaji maneno manne, nasi tunasema "Nimefika salama" kwa maneno mawili. Kampuni ziliweka kikomo cha herufi kwa neno moja ili watu wasiunganishe maneno kwa ujanja, lakini neno kama "nimefika" ni fupi na halikuhitaji ujanja.

4. Kigeuzi cha mtandaoni, hatua kwa hatua

Vigeuzi ni vingi na vingi ni vya bure. Havitofautiani sana. Kimoja kizuri kina visanduku viwili: kimoja cha maandishi ya kawaida, kingine cha alama. Fuata hatua hizi.

Hatua ya kwanza. Fungua kigeuzi, tafuta sehemu ya kuchagua lugha au aina ya alama, uchague ya kimataifa, yaani ya herufi za Kilatini. Kiswahili huenda kisiwemo katika orodha, na hilo si tatizo. Herufi tunazotumia zote zimo.

Hatua ya pili. Andika neno fupi katika kisanduku cha maandishi. Anza na MAJI. Herufi kubwa au ndogo ni sawa, kwa sababu Morse haina tofauti hiyo. Utaona:

-- .- .--- ..

Hatua ya tatu. Linganisha jibu na orodha uliyonakili, herufi kwa herufi. Usiruke hatua hii. Lengo ni wewe kukikagua kigeuzi.

Hatua ya nne. Andika maneno mawili, kwa mfano NIPO RUWI. Utaona mkwaju umewekwa kati ya maneno:

-. .. .--. --- / .-. ..- .-- ..

Mkwaju hausikiki katika mlio. Ni njia ya kuonyesha kwenye karatasi kile kimya cha vipimo saba.

Hatua ya tano. Sasa nakili alama hizo, ufute kila kitu, ubandike alama katika kisanduku cha pili. Kigeuzi kirudishe NIPO RUWI. Kisiporudisha, kuna kosa. Hili tunaliita jaribio la kwenda na kurudi, na tutalirudia mara nyingi.

Hatua ya sita. Bonyeza kitufe cha kusikiliza. Punguza kasi hadi maneno matano kwa dakika. Funga macho na useme "fu" kwa nukta na "refuu" kwa kistari. Baada ya wiki moja ongeza kasi ya herufi lakini acha vimya virefu kati ya herufi, ikiwa kigeuzi kinaruhusu. Wanaojifunza kwa masikio huenda mbali kuliko wanaojifunza kwa macho.

Ndani ya kigeuzi hakuna maajabu. Kina orodha kama uliyonakili wewe. Kikipewa herufi kinatafuta alama yake. Kikipewa alama kinakata penye nafasi, kisha kinatafuta herufi ya kila kipande. Ndiyo maana nafasi ikikosekana kinapotea kama unavyopotea wewe.

5. Mitego ya simu zetu

Wengi hulaumu kigeuzi kumbe kosa ni la kibodi ya simu. Angalia mitego hii.

Nukta tatu zinazoungana. Simu nyingi hugeuza nukta tatu mfululizo kuwa alama moja ya mdokezo. Kwa macho yako ni nukta tatu, kwa kigeuzi ni kitu kimoja asichokijua. Herufi S yako imepotea.

Vistari viwili vinavyoungana. Vivyo hivyo simu hugeuza vistari viwili kuwa mstari mmoja mrefu. Herufi M ikawa T, au ikawa alama ya kuuliza. Dawa ni kwenda katika mipangilio ya kibodi na kuzima urekebishaji wa alama za uandishi, au kutumia vitufe vya nukta na kistari vilivyomo ndani ya kigeuzi chenyewe.

Ritifaa ya ng'. Maneno kama NG'OMBE na NG'AMBO yana ritifaa, nayo ina alama yake ya Morse:

.----.

Lakini baadhi ya simu huandika ritifaa iliyopinda, na vigeuzi vingine haviitambui. Ukiona alama ya kuuliza au pengo mahali pa ritifaa, iandike upya kwa ile iliyonyooka, au iache. Msomaji wa Kiswahili ataelewa.

Herufi mbili zenye sauti moja. CH, SH, DH, TH, GH na NY ni sauti moja moja kinywani mwetu, lakini kwa Morse ya kimataifa unaandika herufi mbili. CHAI inaanza na C kisha H. Usitafute alama moja ya CH.

Tarakimu za Kiarabu. Hapa Omani kibodi nyingi zina tarakimu za aina mbili. Vigeuzi vingi vinazijua zile za 1, 2, 3 tu. Ukiona namba imerukwa, badilisha kibodi.

6. Herufi moja inayogeuza habari

Katika lugha nyingine mtu akikosea herufi moja, msomaji hukisia. Katika Kiswahili herufi ya kwanza ya kitenzi inabeba mtu, na mara nyingi inabeba pia ndiyo au hapana. Tazama:

NIPO SALAMA
-. .. .--. --- / ... .- .-.. .- -- .-

SIPO SALAMA
... .. .--. --- / ... .- .-.. .- -- .-

Tofauti ni katika herufi ya mwanzo kabisa: kistari na nukta, au nukta tatu. Mama aliye nyumbani akipokea ujumbe wa kwanza atalala usingizi. Akipokea wa pili ataamsha jirani.

Kwa hiyo makarani wa zamani walikuwa na desturi ya kurudia sehemu muhimu za ujumbe, hasa namba na majina. Nawe ufanye hivyo. Ukituma habari ya usalama, iseme kwa njia mbili tofauti: NIPO SALAMA, kisha SINA SHIDA. Pigo moja likiharibika, sentensi ya pili italishtaki. Desturi hii inafaa hata katika ujumbe wa kawaida wa simu, pale unapoandika kwa haraka na kibodi inapokubadilishia maneno.

7. Morse ya Kiarabu

Watoto wetu wanasoma Kiarabu skuli, na wataona kigeuzi kina chaguo la Kiarabu. Kiarabu kina orodha yake ya Morse, na herufi nyingi zimepewa alama ya herufi ya Kilatini inayofanana nayo kwa sauti. Sin ni nukta tatu kama S. Lam ni kama L. Mim ni vistari viwili kama M. Alif ni kama A. Linganisha:

SALAM kwa Kiswahili
... .- .-.. .- --

Salaam kwa Kiarabu, yaani sin, lam, alif, mim
... .-.. .- --

Kiarabu ni kifupi kwa sababu irabu fupi haiandikwi. Waulize watoto: A ya kwanza imekwenda wapi? Wakijibu, wameelewa jambo kubwa kuhusu maandishi ya Kiarabu bila kufungua kitabu cha sarufi.

Lakini kuna hatari. Si herufi zote zinazolingana. Kha ya Kiarabu ina vistari vitatu, na vistari vitatu kwa Kilatini ni O. Ukibandika ujumbe wa Kiswahili wakati kigeuzi kimewekwa Kiarabu, utapata herufi za Kiarabu zisizo na maana. Kabla ya kulaumu mtumaji, angalia lugha iliyochaguliwa.

8. Kuomba msaada

Sehemu hii isomwe na kila mtu, hata aliyechoka na vistari.

Omani ina mabonde makavu yanayoitwa wadi. Kwa miezi mingi unaweza kuyavuka kwa miguu. Mvua ikinyesha milimani, hata kama kwako jua linawaka, maji hushuka kwa kasi na kubeba gari zima. Mwezi Juni 2007 kimbunga Gonu kilifurisha Maskati, na mwezi Oktoba 2021 kimbunga Shaheen kilipiga pwani ya Batinah. Mwezi Aprili 2024 mafuriko yaliua watu, na miongoni mwao walikuwamo watoto wa skuli. Usivuke wadi yenye maji, hata ukiona gari la mbele yako limevuka. Kuvuka ni hatari, na pia ni kosa kisheria.

Ukipata dharura, kwanza piga 9999, namba ya polisi na uokoaji. Ikiwa sauti haipiti, jaribu ujumbe mfupi kwa jamaa, maana mara nyingine ujumbe hupita pale ambapo maongezi hayapiti. Alama za Morse ni njia ya mwisho, pale mtandao haupo na unaona watu kwa mbali.

Alama ya kimataifa ya kuomba msaada ni SOS: mafupi matatu, marefu matatu, mafupi matatu.

...---...

Ilikubaliwa katika mkutano wa Berlin mwaka 1906 na kuanza kutumika rasmi mwaka 1908. Watu husema herufi hizo ni kifupi cha maneno fulani. Sivyo. Zilichaguliwa kwa sababu mpangilio wake ni rahisi kutambulika. Hutumwa mfululizo bila kimya cha kati ya herufi. Kigeuzi kitakuandikia kwa nafasi, nawe ukipiga kwa mkono uunganishe.

Fanya hivi: nenda mahali pa juu, mbali na njia ya maji. Elekeza tochi ya simu kwa watu. Washa kwa muda wa kusema "moja" kwa fupi, na wa kusema "moja, mbili, tatu" kwa refu. Rudia mara tatu, kisha pumzika ili kulinda betri, kisha urudie. Mchana tumia kioo au filimbi. Milimani kuna pia njia isiyohitaji Morse: ishara sita kwa dakika moja, kwa mwanga au filimbi, kisha dakika moja ya kimya, kisha sita tena. Anayejibu hutoa ishara tatu kwa dakika.

Jizoezeni nyumbani mkiwa mmezima taa, na msifanye mzaha huo nje. Atakayeona anaweza kuita uokoaji.

9. Morse si siri, na si tafsiri

Kuna mambo mawili tunayoulizwa mara kwa mara.

La kwanza: je, naweza kuficha namba ya siri ya benki kwa Morse? Hapana. Morse haikutungwa kuficha chochote. Kila mtu ana orodha ile ile, na kigeuzi chochote kitaifungua kwa sekunde moja. Zaidi ya hayo, unachoandika katika ukurasa wa mtandaoni kinaweza kuhifadhiwa na mwenye ukurasa. Usiandike humo namba ya kadi yako ya ukaazi, ya pasipoti, ya benki, wala zile tarakimu za uthibitisho zinazotumwa kwa simu. Jizoeze kwa maneno kama MAJI na SALAMA.

La pili ni zito zaidi. Kigeuzi cha Morse kina jibu moja sahihi. Ukipeleka na kurudisha, utapata neno lile lile, na hapo unajua kwa yakini. Watu wakizoea hivyo, huanza kuamini kwamba kifaa cha kutafsiri lugha nacho kiko vile vile. Hakiko. Kifaa cha kutafsiri kinakisia maana. Kinaweza kukupa sentensi safi ya Kiswahili iliyoacha neno "si" la Kiarabu, au iliyosema "likizo" badala ya "likizo bila malipo". Jaribio la kwenda na kurudi halitoshi hapo, kwa sababu maneno tofauti yanaweza kurudi yakifanana.

Mikataba mingi ya kazi hapa imeandikwa Kiarabu. Tumia kifaa cha mtandaoni kupata fununu ya yaliyomo, lakini kabla ya kutia sahihi mpe mtu anayejua lugha zote mbili asome mbele yako. Mwulize mambo manne: mshahara ni kiasi gani, unalipwa lini, saa za kazi ni ngapi, na mkataba unaishaje. Aonyeshe kwa kidole ni mstari upi unaosema hivyo. Asiyeweza kuonyesha mstari naye anakisia.

10. Wanaotumia Morse leo

Meli ziliacha kuitegemea Morse kwa dharura kuanzia tarehe 1 Februari 1999, zilipohamia mfumo wa setilaiti na redio za kisasa. Lakini haikufa. Wapenzi wa redio duniani kote bado wanaongea kwayo, kwa sababu mlio mwembamba hupenya pale sauti ya mtu inapozama katika kelele. Omani ina chama cha kifalme cha wapenzi wa redio kilichoanzishwa mwaka 1972, na marehemu Sultan Qaboos mwenyewe alikuwa na jina lake la hewani, A41AA. Kusikiliza mlio kwenye kigeuzi hakuhitaji ruhusa, lakini kurusha hewani kwa redio kunahitaji leseni. Usinunue chombo cha kurushia kabla ya kuuliza.

Tangu mwaka 2018 kibodi ya Google ya simu ina Morse ndani yake. Mtu asiyeweza kutumia vidole vyote anaweza kuandika kwa vitufe viwili tu. Ikiwa nyumbani mna mgonjwa wa kiharusi au mtoto mwenye ulemavu wa mikono, jambo hili lifaa kujaribiwa.

Mazoezi

Fanya kwanza kwa mkono, kisha kagua kwa kigeuzi.

1. Soma: -. .. -- . ..-. .. -.- .- / ... .- .-.. .- -- .-
2. Soma: ..- ... .. ...- ..- -.- . / .-- .- -.. ..
3. Andika kwa alama: MVUA INAKUJA
4. Andika namba ya dharura ya Omani kwa alama.
5. Rafiki yako ameandika HATARI hivi: .... .- - .- .-. . Kosa liko wapi?
6. Neno lako NI limesomwa kuwa B. Umesahau nini?

Majibu

1. NIMEFIKA SALAMA
2. USIVUKE WADI
3. -- ...- ..- .- / .. -. .- -.- ..- .--- .-
4. ----. ----. ----. ----.
5. Herufi ya mwisho ina nukta moja, ambayo ni E. Inatakiwa nukta mbili, yaani I.
6. Kimya cha vipimo vitatu kati ya N na I.

Aliyepata manne kati ya sita amefanya vizuri. Aliyepata yote amfundishe mwenzake mmoja wiki hii, hasa namba 2 na namba 4, maana hizo mbili ni za kukaa kichwani hata kwa asiyejua alama nyingine yoyote.